Kanuni, Fidla na Sikio la Mwanafunzi

Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kijuujuu, nalo ni kusikiliza. Sisemi kusikiliza redio, ingawa kwa hilo ninawashukuru. Nasema kusikiliza kwa mpigaji muziki aliyeketi katikati ya wenzake, fidla kidevuni, na huku watu kumi au ishirini wanapiga wimbo huo huo anaoupiga yeye.

Mfano wetu tuuchukue Unguja. Masimulizi yanayokubaliwa na wengi ni kwamba Sultani Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze muziki, hususan kanuni. Aliporudi alimtumbuiza Sultani, akafunza na wengine. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyokwisha kupita umri wa karne moja.

Lakini kilichotoka Misri hakikuwa ala peke yake. Ilikuja pia namna ya kukaa pamoja. Huko Cairo kundi la muziki la zama hizo liliitwa takhti: watu wanne au watano, wenye udi, kanuni, nai, fidla na rika. Wote walipiga wimbo mmoja, ila kila mtu kwa mapambo yake. Mwenye nai anairefusha sauti, mwenye kanuni anaivunjavunja, mwenye udi anaichomoza kidogo kisha anairudisha. Ukisikiliza kwa haraka utadhani wamepotezana. La hasha! Ni kama ndugu wa nyumba moja wanaosimulia kisa kimoja, kila mmoja kwa ulimi wake. Basi ili jambo hilo lisigeuke makelele, kila mpigaji hana budi kujua mwenzake yuko wapi, ajue wakati wa kupamba na wakati wa kunyamaza.

Ala inayowaongoza katika usawa wa sauti ni kanuni. Ina nyuzi sabini na zaidi, aghalabu tatu tatu kwa kila sauti, nazo hukazwa kabla ya kuanza. Udi na fidla hazina vizuizi kwenye shingo, kidole kinaweza kutua popote. Kwa hiyo huifuata kanuni. Wala si ajabu kwamba jina lake ni neno lile lile tulitumialo kwa sheria. Aidha, katika maqamu kama rasti na bayati zimo sauti ambazo hazipatikani kwenye piano ya kawaida, kwani zinakaa katikati ya kibonyezo kimoja na cha pili. Sauti hiyo haina alama kwenye shingo ya fidla. Ni sikio tu linaloweza kumwambia mwanafunzi kwamba kidole chake kimepanda mno.

Kisha kuna kile ambacho wanamuziki wa Kiarabu hukiita lazima (naam, ni neno hili hili letu). Ni kipande kifupi ambacho ala hukipiga pale mwimbaji anapotua na kuvuta pumzi. Ukikipiga mapema umemkata kauli. Ukichelewa umemwacha uchi mbele za watu. Na katika taarabu mambo huzidi, kwa sababu wasikilizaji huinuka kwenda kumtunza mwimbaji, naye pengine huurudia ubeti kwa furaha. Aliyekariri wimbo bila kujifunza kusikiliza huyo sasa ameshafika kwenye kiitikio peke yake!

Mambo yalibadilika kuanzia miaka ya 1930. Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo katika Kongamano la Muziki wa Kiarabu, ambako pamoja na mengine walibishana kama piano ina nafasi katika muziki huo. Mwaka 1934 redio ya taifa ya Misri ilianza, na baadaye tamasha za Umm Kulthum zikawa zinatangazwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi. Takhti ilikua ikawa firka, yenye fidla nyingi, cello na besi. Unguja nako vikundi vilipanuka. Culture Musical Club, iliyoanza 1958, ikaja kuwa moja ya okestra kubwa kuliko zote visiwani.

Sasa, fidla nane haziwezi kupamba kila moja kivyake; litakuwa soko. Zinatakiwa zisikike kama moja. Wako wanaosema hapo ufundi ulipungua. Mimi sikubaliani nao. Kuifinya sauti yako mpaka iingie ndani ya sauti za watu saba, bila kuipoteza, ni kazi nzito. Isipokuwa ni usikivu wa namna nyingine.

Na haya yote walijifunzaje? Kwa santuri. Siti binti Saad na wenzake walirekodi Bombay mwaka 1928, na santuri za zama zile zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Mwanafunzi aliweza kuirudisha sindano mara ishirini. Walakini santuri hufundisha wimbo tu. Haikungoji ukikosea, wala haikutazami kwa jicho kali. Hayo mtu aliyapata jioni klabuni, ameketi ubavuni mwa mzee.

Nafasi hiyo ndiyo inayopungua. Tangu miaka ya 1990 kinanda cha umeme kimeweza kutoa fidla, besi na ngoma kwa pamoja. Sina ugomvi na wapenzi wa taarabu ya kisasa, lakini mdundo wa mashine haumngoji mwimbaji. Chuo cha muziki cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 2000, kilikusudia kuwakutanisha wazee na vijana. Ilipofika 2019 na 2020 kilikuwa kinatangaza kwamba kwa uhaba wa fedha huenda kikafunga milango.

Vijana wa siku hizi wana simu zinazorekodi, jambo ambalo wazee hawakuwa nalo. Atakayerekodi mazoezi ya kikundi chake na kuyasikiliza usiku huenda akashangaa. Alipokuwa akipiga alijisikia yeye tu. Kwenye rekodi ama hasikiki kabisa, ama amewafunika wote, mpaka kanuni haijulikani kama ilikuwapo.