Kuoli na Chura wa Mashamba ya Miwa

Msomaji, iwapo umelelewa shambani, yamkini wamjua kanu, yule mnyama mwembamba mwenye madoa ainyemeleaye banda la kuku usiku. Huko Australia yuko mnyama afananaye naye kwa tabia, ingawa hawana udugu wa karibu. Jina lake kuoli. Ana madoa meupe mwilini, naye hula nyama: wadudu, panya, ndege, mijusi na vyura. Watoto wake huzaliwa wadogo kama punje za mchele, wakamalizia kukua katika mfuko wa mama yao, kama watoto wa kangaruu. Wanyama wa jamii hiyo ya mfuko hawapatikani porini popote katika Afrika.

Mwaka 1770 merikebu ya nahodha Mwingereza James Cook iligonga mwamba wa matumbawe pwani ya kaskazini-mashariki ya Australia, ikatoboka. Alipokuwa akiitengeneza katika mlango wa mto, watu wake waliandika maneno ya wenyeji wa hapo, Waguugu Yimithirr. Katika hayo ndimo yalimotoka majina mawili, kangaruu na kuoli.

Kuoli wako wa aina sita, nne za Australia na mbili za New Guinea. Kuoli wa mashariki aliishi katika misitu na malisho ya kusini-mashariki. Katika karne ya 19 walowezi walileta mbweha wekundu kutoka Ulaya, si kwa haja yoyote ya maana, ila wapate mnyama wa kumkimbiza kwa farasi na mbwa. Mbweha hao, pamoja na paka na maradhi, walimpunguza kuoli mwaka hata mwaka. Mwaka 1963 ndipo alipoonekana kwa uhakika mara ya mwisho akiishi huru barani, mjini Sydney. Akasalia katika kisiwa cha Tasmania, ambako mbweha hawakupata kuenea.

Wa pili ni kuoli wa kaskazini, aliye mdogo kupita wenzake wa Australia, akaaye penye majabali na miti yenye mashimo. Maisha yake ni mafupi ajabu: madume wengi hufa wakiwa na umri wa kama mwaka mmoja, mara tu majira ya kupandana yakiisha.

Mwaka 1935 wakuu wa kilimo cha miwa huko Queensland walileta vyura wakubwa kama mia moja kutoka Hawaii, ili wale mbawakawa walioharibu miwa. Laiti wangalichunguza kwanza! Mbawakawa wale walikaa juu ya miwa, na funza wao chini ya ardhi kwenye mizizi. Chura hapandi juu, wala hachimbi kuwafuata. Miwa ikaendelea kuliwa, na vyura wakazaliana kwa mamilioni, wakisonga kuelekea magharibi. Nyuma ya kichwa cha chura huyo mna vifuko vya sumu kali. Kuoli, ambaye tangu zamani hula vyura wa kwao bila kudhurika, alimrukia mgeni huyu vilevile, akafa. Vyura walipofika Kakadu mwaka 2001, kuoli walitoweka upesi mahali pengi.

Wataalamu walijaribu dawa mbili. Kwanza walimfundisha kuoli kumkataa chura, kwa kumlisha nyama ya chura iliyotiwa dawa ya kutia kichefuchefu. Aliyeumwa tumbo mara moja aghalabu hakurudia. Pili, mwaka 2003 walichukua kuoli 64, wakawapeleka katika visiwa viwili vya kaskazini visivyo na vyura, Astell na Pobassoo. Huko waliongezeka hata wakawa maelfu.

Lakini visiwa hivyo havikuwa na paka wala dingo, yule mbwa wa porini wa Australia. Mwaka 2016 baadhi ya kuoli wa Astell walirudishwa Kakadu, baada ya kufundishwa habari ya chura. Chura walimwepuka. Dingo, ambaye babu zao walimkimbia kwa vizazi vingi, hawakumwogopa tena. Vizazi kumi na vitatu tu vya raha kisiwani vilitosha kuwasahaulisha. Dingo wakawaua wengi, na kazi ya kuwarudisha ikasimamishwa.