Kabla ya Neno "Usonji": Majina Aliyopewa Mtoto Asiyejibu

Katika toleo hili tunawaomba wasomaji wetu waturuhusu kuanza na daftari la mahudhurio badala ya kamusi. Wanafunzi wetu wawili walikuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Mahango, gombolola ya milimani wilayani Kasese, kwenye miteremko ya Rwenzori. Kikonzo ndiyo lugha ya nyumbani huko. Kiswahili hupanda mlima na wafanyabiashara wa mpakani Mpondwe na Bwera, na pia na wazee waliokichukua katika machimbo ya shaba ya Kilembe. Kandokando ya jina la mvulana mmoja daftarini paliandikwa kwa kalamu nyekundu: "bubu".

Wiki ya pili, wakati wa mapumziko, mwanafunzi wetu alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka nyuma ya darasa: "Kaeni chini, fungueni vitabu." Alikuwa ni yule yule bubu, na hakukosea hata lafudhi. Siku nyingine mtoto huyo alisimama karibu na mtungi, bila kumtazama mtu, akasema: "Unataka maji?" Mwalimu wetu kijana akamjibu kwa adabu, "Hapana, asante," akaenda zake. Mtoto alibaki na kiu yake. Sisi si madaktari, wala hatukuthubutu kumpa mtoto yule jina jingine. Lakini kisa hicho kilitufanya tufungue vitabu.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3. Watatu hawakuwa wakisema. Wanane walisema, lakini kwa namna ya pekee: walirudia maneno waliyoyasikia, mara nyingine siku nyingi baadaye, na walijiita "wewe" badala ya "mimi". Mtoto akiulizwa kila siku kama anataka maziwa, huyachukua maneno hayo mazima kuwa ndiyo njia ya kuomba maziwa. Kwa Kiswahili kosa hilo hujificha zaidi kuliko kwa Kiingereza, maana tofauti yote imo katika kiambishi kimoja mwanzoni mwa kitenzi. *Nataka* na *unataka*: hapo ndipo kiu ya mtoto yule ilipopotea.

Kanner hakulibuni jina lenyewe. Eugen Bleuler wa Uswisi alikwisha kulitumia tangu mwaka 1911 kwa wagonjwa wa akili wazima, akilichukua kutoka neno la Kigiriki lenye maana ya "nafsi" au "mwenyewe". Waarabu walipolitafsiri walitumia mzizi wao wa "moja", na ndiyo asili ya *tawahudi*, neno linalosikika kwa baadhi ya Waswahili, hasa Kenya. Mwenye sikio atatambua kuwa ni ndugu wa *tauhidi*. Neno lililoenea zaidi leo, Tanzania na Kenya, ni *usonji*. Tunaona, hata hivyo, kwamba jina la Kigiriki na la Kiarabu yote mawili yanaeleza kile anachokiona mtu aliyesimama nje: mtoto aliye peke yake. Yule aliyeomba maji hakuwa akitaka kuwa peke yake.

Kabla ya maneno hayo, Waswahili walikuwa na nini? Wanafunzi wa sarufi wanaijua safu ya *kipofu, kiziwi, kiwete, kilema*, majina ya watu yaliyovaa kiambishi cha vitu, ingawa tunasema "kipofu amekuja" na si "kimekuja". Siku hizi tunafundisha "mtu mwenye ulemavu" au "asiyeona", na ni vema. Lakini usonji haukupata nafasi hata katika safu hiyo ya zamani, kwa kuwa hauna alama mwilini. Macho ni mazima na miguu inakimbia. Basi mtoto akaazimiwa majina ya wengine: *bubu*, *taahira*, *zezeta*, *mkaidi*, au akasemwa ana pepo.

Hapa ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu majina haya hayakuwa matusi tu. Kila moja lilikuwa njia. Aliyeitwa mwenye pepo alipelekwa kwa mganga au kwenye maombezi. Mkaidi alichapwa, na kwa kuwa kiboko hakikumfundisha kujibu, akachapwa tena. Taahira alifichwa nyumbani wageni walipokuja. Bubu aliketishwa nyuma ya darasa, na hakuna aliyemsemesha tena.

Na mama je? Huyo alilaumiwa kila mahali. Kwetu husemwa kuwa amevunja mwiko, au amerogwa, au ametoa mtoto kwa ajili ya utajiri. Tusidhani huo ni ujinga wa milimani. Kanner mwenyewe aliandika juu ya ubaridi wa wazazi, na Bruno Bettelheim wa Chicago akaieneza fikra hiyo katika kitabu chake cha 1967, hata akina mama wa Marekani wakafananishwa na friji. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa pia baba wa mtoto mwenye usonji, alikwisha kuipinga mwaka 1964. Mwaka 1977 Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wao wa jozi 21 za pacha huko Uingereza, ulioonyesha kuwa urithi wa kimwili una sehemu kubwa. Ubaridi wa mama ulikuwa uzushi wa wasomi.

Wasomi hawakukomea hapo. Mwaka 1998 jarida la *Lancet* lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake kuhusu watoto 12, iliyohusisha usonji na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Jarida liliifuta mwaka 2010, na Wakefield akaondolewa katika orodha ya madaktari wa Uingereza. Uvumi wenyewe haukufutika.

Kuna dhana nyingine inayotuhusu zaidi, kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Victor Lotter, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1978, alizunguka nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwamo, akiwatafuta watoto hawa katika taasisi, na aliwapata, ingawa wachache. Lakini ukitafuta katika taasisi humpati aliyefichwa nyumbani. Nchini Uganda, Angelina Kakooza-Mwesige wa Makerere na wenzake walichapisha mwaka 2014 kazi iliyopita kwa wazazi wa Kampala na Wakiso. Walichukua maswali kumi ya kawaida ya kutambua ulemavu wa watoto, wakayaongeza hadi 23 ili yaunase na usonji. Yale kumi peke yake yalikuwa na tundu, na katika tundu hilo ndimo watoto hawa walimokuwa wakipita.

Tundu la namna hiyo lilikuwapo shuleni pia. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza Uganda mwaka 1997, kwa watoto wanne wa kila familia, wenye ulemavu walipewa kipaumbele. Lakini ulemavu ulioeleweka na wengi ni ule unaoonekana.

Wanafunzi wetu walirudi Mahango kumaliza muhula. Yule kijana wa mtungi alijaribu jambo dogo: kila alipompa mtoto kikombe, alisema yeye mwenyewe, polepole, "Nataka maji." Hadi wanaondoka mtoto alikuwa bado akisema "Unataka maji?", lakini sasa alikuwa akipewa. Neno la kalamu nyekundu lilikuwa bado daftarini. Daftari si letu, nasi hatukulifuta. Tulimwomba tu mwalimu wa darasa aandike pembeni yake kwamba mtoto husema, na jinsi asemavyo.