Keki kwenye nyasi za Uhuru Park

Wiki iliyopita mpwa wangu, ambaye sasa yuko Gredi ya 6, alinijia na kazi ya shule. Mwalimu wao amewaambia kila mmoja alete picha ya zamani ya familia na aeleze historia yake. Yeye alikuwa ameshachagua. Picha yenyewe ni ya Aprili 1999, siku niliyotimiza miaka mitano. Niko katikati nimevaa suti ya kaptura iliyonibana, kichwa kinachuruzika maji kwa sababu dada yangu alikuwa amenimwagia chupa nzima, kama desturi yetu ilivyo. Mbele yangu kuna keki imewekwa juu ya leso. Mama amekaa kwenye nyasi, na ukitazama vizuri utaona ameukalia mkoba wake.

"Anko," akaniuliza, "mbona hapa panafanana na pale mliponifanyia mimi bethdei?"

Panafanana kwa sababu ni pale pale. Uhuru Park, Nairobi, upande wa juu kidogo ya ziwa la mashua. Sherehe yangu ilifanyika hapo mwaka 1999, na ya kwake mwaka 2019 alipotimiza miaka mitano.

"Lakini kwa nini hapo?"

Nikadhani nitamjibu kwa dakika mbili. Mimi si mwandishi wa habari? Kumbe swali lenyewe limenichukua wiki nzima, na sehemu kubwa ya jibu sikuipata kwenye maktaba wala magazeti ya zamani. Niliipata jikoni kwa mama yangu.

Tuanze na jibu rahisi, ambalo ni pesa. Mwaka 1999 baba alikuwa amepoteza kazi na sisi tulikuwa tunaishi chumba kimoja na nusu Eastlands. Wageni kumi na watano hawangeenea. Nyasi za Uhuru Park zilikuwa bure. Mama alipika chapati usiku, akachemsha mayai, akanunua soda za kutosha kila mtoto apate nusu chupa, tukapanda matatu mpaka mjini. Kisu tulisahau nyumbani. Keki ilikatwa kwa rula ya dada yangu.

Mwaka 2019 hali ilikuwa tofauti kidogo, au tuseme tulijidanganya kuwa ni tofauti. Dada yangu alikuwa ameanza kuulizia kumbi za watoto, zile zenye nyumba za kurukia za kujazwa upepo na mtu aliyejipaka rangi usoni. Bei aliyotajiwa ilikuwa zaidi ya kodi ya nyumba yake ya mwezi. Aliitaka sana ile sherehe. Watoto wa jirani walikuwa wamefanyiwa, na mtoto wake alikuwa ameanza kuuliza. Tulibishana wiki mbili. Mama ndiye aliyemaliza ubishi: "Mtoto atakatia keki Uhuru Park. Nitapika mimi."

Sikujua basi kwamba Mama alikuwa na sababu yake.

Kabla sijafika hapo, msomaji wangu, naomba turudi nyuma kidogo, maana hata kule kukaa tu kwenye nyasi za Nairobi kuna historia yake.

Mji huu ulijengwa na watu waliopanga nani akae wapi. Wazungu vilimani, Wahindi katikati, Waafrika mashariki. Kufikia mwaka 1920 kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kutembea na kipande, na wengi walikivaa shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Kulikuwa pia na sheria za uzururaji. Mwafrika aliyekutwa mjini bila kazi ya kueleweka angeweza kukamatwa. Sasa hebu fikiri: kukaa kwenye nyasi bila kufanya lolote, ukimtazama mtoto wako akicheza, ni nini kama si kukutwa mjini bila kazi ya kueleweka?

Bustani zilikuwepo. Jeevanjee Gardens ilitolewa kwa wakazi wa mji mwaka 1906 na tajiri mwenye asili ya Karachi, Alibhai Mulla Jeevanjee, aliyekuwa amepata kandarasi za reli. Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kwa ajili ya kujaribu miti ambayo ingeweza kuwa kuni za garimoshi. Lakini bustani kubwa ya katikati ya mji yenye jina la Uhuru ilingoja mpaka Waafrika waushike mji. Ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwezi Mei 1969. Ikawa na ziwa la kuchimbwa, mashua za kukodi na wapiga picha wa kuzunguka. Familia zilizotoka mashambani kuja kuona mji zilipigiwa picha hapo ili zirudi na ushahidi.

Miaka 20 baadaye nusura tuipoteze.

Oktoba 1989 Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, alipata habari kwamba ndani ya Uhuru Park kutajengwa jengo la ghorofa 60. Lingekuwa refu kuliko yote Afrika. Lingekuwa na makao makuu ya chama cha KANU, kumbi, maduka, maegesho ya magari 2,000, na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Gharama yake ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 200 za Marekani.

Na mwenye mradi alikuwa nani? Kenya Times Media Trust, kampuni ya gazeti la chama tawala, iliyokuwa na ubia na mchapishaji Robert Maxwell wa Uingereza. Hapa mimi kama mwandishi wa habari huwa nainamisha kichwa. Jengo lililotaka kumeza nyasi za watoto lilikuwa jengo la gazeti.

Maathai akaanza kuandika barua. Aliiandikia kampuni, akaziandikia ofisi za serikali, akawaandikia mabalozi. Novemba mwaka huo wabunge walisimama mmoja baada ya mwingine kumshambulia, na hata talaka yake ikatajwa Bungeni. Alipokwenda Mahakama Kuu kuomba ujenzi usimamishwe, kesi yake ilitupwa Desemba kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki. Yaani bustani ni ya umma, lakini mtu mmoja wa huo umma hawezi kuitetea! Siku ya Jamhuri, Rais Moi akihutubia taifa, tena akiwa hapo hapo Uhuru Park, alisema kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Green Belt ilitimuliwa kutoka ofisi yake, ikahamia nyumbani kwa Maathai, South C.

Hakunyamaza. Kelele zilifika kwa wafadhili wa nje, nao wakaanza kusitasita. Mwaka 1990 mpango ule ukapunguzwa, kisha ukafa kabisa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Jeevanjee Gardens: mpango wa kujenga maduka na maegesho ya magari ulizuka, na mjukuu wa Jeevanjee, Zarina Patel, akawa mstari wa mbele kuupinga mpaka ukaachwa.

Haya yote nilikuwa nayajua. Yameandikwa. Nilimweleza Mama juzi akiwa anakanda unga, nikidhani namfundisha kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza: "Na wale kina mama?"

Alikuwa anasema habari za mwaka 1992. Februari 28, siku ya Ijumaa, kundi la kina mama wazee ambao watoto wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walikwenda kwa Mwanasheria Mkuu kudai waachiwe. Kutoka hapo wakaenda kukaa Uhuru Park, kwenye pembe ya Uhuru Highway na Kenyatta Avenue, wakasema hawatakula wala hawataondoka mpaka watoto wao watoke jela. Maathai alikuwa pamoja nao. Pembe ile ikaja kuitwa Freedom Corner. Jumanne, Machi 3, polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi. Baadhi ya wale mama wazee walivua nguo zao mbele ya polisi, na kwa mila zetu hiyo ni laana nzito: mzazi wako anakuonyesha ulikotoka. Maathai alipigwa mpaka akazirai. Wale mama wakahamia kanisa la All Saints, ng'ambo ya barabara, wakakaa huko karibu mwaka mzima. Mapema mwaka 1993 karibu vijana wote wale walikuwa wameachiwa.

"Nilikuwa napita pale kila siku," Mama akasema.

Wakati huo alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya serikali upande wa Community. Asubuhi alishuka matatu mjini, akapita mbele ya posta kuu, akakata bustani kwa miguu kupanda kazini. Dada yangu alikuwa na miaka mitatu. Mimi sikuwa nimezaliwa.

"Ijumaa jioni niliwaona wamekaa. Walikuwa rika la shosho yako. Mmoja alinitazama. Hakuniomba kitu, alinitazama tu. Jumatatu asubuhi nikawaona tena."

"Ukafanya nini?"

Akaendelea kukanda. "Nilivuka barabara. Nikapita upande wa pili. Nilikuwa na kazi ya serikali na mtoto nyumbani, na mji ulikuwa umejaa watu wa kusikiliza. Jumanne jioni njia ilikuwa imefungwa, na macho yaliniwasha mpaka nafika matatu. Nililia, nikaambiwa ni gesi."

Sikujua la kusema. Miaka yote nimeandika makala kuhusu bustani hii, na shahidi alikuwa ananipikia chapati.

"Ndiyo sababu ulinifanyia sherehe pale?"

Alicheka. "Nilikufanyia pale kwa sababu sikuwa na pesa. Usinifanye shujaa." Halafu baada ya muda akasema: "Lakini nilipokaa chini siku ile, nilijua nimekaa. Wao walikaa kwa sababu ya watoto wao, na mimi nilishindwa hata kusimama nao. Nikasema basi, leo na mimi nimekaa na wangu, na hakuna wa kuniondoa."

Ndiyo maana mwaka 2019 hakutaka kusikia habari za ukumbi.

Sitaki kuipamba bustani kuliko ilivyokuwa. Mama hakuukalia mkoba wake kwa mapenzi. Vibaka walikuwepo, na ukiacha kiatu pembeni ulikipungia mkono. Tena milango ya bustani ya umma hufungwa na wenye nguvu wanapotaka. Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozua vita, tuliona kwenye televisheni polisi wa GSU wameizunguka Uhuru Park bega kwa bega ili wananchi wasiingie. Miaka miwili baadaye, Agosti 27, 2010, Katiba mpya ilitangazwa kwenye nyasi zile zile. Na Oktoba 2011 jeneza la Wangari Maathai, lililotengenezwa kwa mianzi na magugu maji, lililetwa hapo Freedom Corner ili taifa limuage. Serikali ndiyo iliyompa heshima hiyo. Mama alikwenda. Alituaga kwamba anakwenda sokoni.

Sherehe ya mpwa wangu haikuwa na la ajabu. Ilinyesha saa nane, tukakimbilia chini ya miti, maputo mawili yakapasuka, keki ikalowa upande mmoja. Watoto walipanda mashua wakapiga kelele. Dada yangu, aliyekuja amenuna kwa sababu ya ukumbi, ndiye aliyemmwagia mtoto maji ya kwanza, halafu wakafukuzana mpaka viatu vikabaki kwenye tope. Watoto watatu ambao hatukuwajua walijiunga na foleni ya keki. Mama akawakatia, wala hakuuliza ni wa nani. Kwenye ukumbi wa kulipia wangezuiwa mlangoni.

Miaka miwili baadaye, 2021, bustani ilifungwa kwa ajili ya ukarabati, na mji ukakaa na mabati mahali pa nyasi kwa muda mrefu. Nakumbuka nilikuwa nikipita kwenye matatu nikijiuliza watoto waliozaliwa mwaka 2016 wanakatia wapi keki zao. Wengi, nadhani, walikatia nyumbani, chumba kimoja na nusu.

Basi nilimpa mpwa wangu jibu lake. Nilimwambia kwamba mahali pa bure mjini hapakai bure. Kuna mtu aliandika barua usiku, kuna mtu alipigwa mpaka akazirai, kuna mama wa watu aliyevua nguo mbele ya askari wa rika la mwanawe. Ukikaa hapo na keki yako, huna haja ya kutoa hotuba. Kaa tu. Lakini ujue umekaa.

Akaandika kwa muda mrefu. Kisha akauliza kama anaweza kuweka ile habari ya bibi kuvuka barabara. Nikamwambia akamuulize mwenyewe.

Mama amekubali. Ila amesema aandike pia kwamba chapati zilikuwa laini.

Na wewe msomaji, keki yako ya kwanza ilikatiwa wapi? Ukipita pale leo, bado kuna nyasi?