Zawadi na Tangazo: Historia Fupi ya Bahati ya Msikilizaji, toka Redio hadi Podikasti

1. Utangulizi

Katika masoko ya Kongo, muuzaji anapomaliza kupima unga au maharagwe, mnunuzi hungojea matabishi, yaani kile kidogo kinachoongezwa juu ya kipimo bila kutozwa bei. Neno hilo, lenye asili ya Kireno, hutumika pia kwa bakshishi anayopewa mtu aliyetoa huduma. Hakuna anayedanganyika kuhusu matabishi. Mnunuzi anajua ya kuwa yametoka katika bei aliyokwisha kulipa, na muuzaji anajua ya kuwa yatamrudisha mteja kesho. Kwa kuwa pande zote mbili zinaelewana, matabishi hayamwudhi mtu.

Mambo huwa mengine katika utangazaji. Huko msikilizaji hatoi bei inayoonekana, na mara nyingi mwenye kutoa zawadi siye anayezungumza. Msikilizaji wa podikasti anayehimizwa kila juma ajiandikishe, asambaze kipindi kwa rafiki zake na kukisifu hadharani, ili jina lake liingizwe katika kura ya kitabu au ya kikombe, hufika mahali akajiuliza kama bado anasikiliza kipindi au anasikiliza tangazo. Swali hilo si jipya. Liliulizwa nchini Marekani tangu redio ilipoanza kuishi kwa fedha za biashara, na likajadiliwa bungeni na mahakamani kwa miaka mingi. Makala haya yanaifuata historia hiyo ili kuonyesha jambo moja: zawadi haigeuki tangazo kwa sababu tu jina la mtoaji limetajwa. Hugeuka pale kipindi kinapoanza kuitumikia zawadi, na msikilizaji anapofichwa kile anachokitoa yeye mwenyewe.

2. Biashara yaingia hewani

Tarehe 28 Agosti 1922, stesheni ya WEAF ya New York, iliyokuwa mali ya kampuni ya simu ya AT&T, iliiuzia kampuni moja ya majumba muda wa kuzisifu nyumba zake za Jackson Heights. Tukio hilo huhesabiwa kwa kawaida kuwa mwanzo wa matangazo ya redio yenye kulipiwa. Mwaka huohuo Herbert Hoover, aliyekuwa Waziri wa Biashara, alionya katika mkutano wa kwanza wa redio mjini Washington kwamba haifai chombo chenye uwezo mkubwa wa kuhudumia umma kizamishwe katika maneno ya wafanyabiashara.

Onyo hilo halikuzuia mwendo wa mambo. Sheria ya Redio ya mwaka 1927 haikuyakataza matangazo ya biashara. Ilidai tu kwamba kila kilicholipiwa kitangazwe wakati uleule kuwa kimelipiwa, na aliyelipa atajwe. Sharti hilo liliingizwa katika kifungu cha 317 cha Sheria ya Mawasiliano ya 1934, ambayo ndiyo iliyounda Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo, iitwayo FCC. Sheria hiyohiyo ilipiga marufuku bahati nasibu hewani. Hivyo tangu mwanzo yaliwekwa mambo mawili: msikilizaji ajue nani anayelipia sauti anayoisikia, na asivutwe kucheza kamari kwa njia ya redio. Zawadi ilikuja kusimama katikati ya mambo hayo mawili.

3. Beji ya watoto

Mfano mashuhuri wa miaka ya 1930 ni kipindi cha watoto kilichoitwa Little Orphan Annie, ambacho kwa muda mrefu, hadi mwaka 1940, kilidhaminiwa na kinywaji cha Ovaltine. Mtoto aliyepeleka kwa posta kithibitisho kutoka katika kopo la kinywaji hicho aliletewa beji ya kufumbulia maandishi ya siri. Mwishoni mwa kipindi mtangazaji alisoma mfululizo wa namba, na mwenye beji aliweza kuzigeuza kuwa maneno.

Hapa palikuwa na ununuzi wa wazi, tena bila kura wala bahati: aliyepeleka kithibitisho alipata beji. Zaidi ya hayo, ujumbe wa siri kwa kawaida ulidokeza mambo ya kipindi kitakachofuata. Biashara ilikuwapo, tena nyingi, lakini beji ilikirudisha kile ambacho mtoto alikipenda, yaani hadithi.

Filamu ya A Christmas Story, iliyotolewa mwaka 1983, inasimulia mambo kwa namna nyingine. Mtoto anangojea beji yake kwa majuma mengi, anajifungia peke yake ili afumbue ujumbe wake wa kwanza, kisha anagundua kwamba ujumbe wenyewe ni himizo la kunywa Ovaltine. Historia ya kipindi chenyewe haiungi mkono kisa hicho, lakini watazamaji wamekipenda kwa sababu kinaeleza vizuri uchungu wa msikilizaji. Mtoto yule alijua tangu mwanzo kwamba beji inatoka kwa wauza kinywaji, na jambo hilo halikumuudhi. Kilichomuuma ni kwamba alidhani anaingizwa katika siri ya marafiki, kumbe alikuwa anaingizwa dukani.

4. Simu inapolia

Hatua ya pili ilikuwa kutoa fedha kwa bahati. Mwaka 1939 mtandao wa NBC ulianza kipindi cha Pot o' Gold, kilichodhaminiwa na dawa ya tumbo ya Tums. Namba ya simu ilichaguliwa kwa bahati kutoka katika vitabu vya simu, na aliyeitika alipata dola 1000. Hakuulizwa swali lolote. Mwaka 1940 FCC ilipeleka suala hilo katika Wizara ya Sheria, ambayo haikufungua mashtaka.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia desturi hiyo ilienea sana. Mwezi Machi 1948 mtandao wa ABC ulianza kipindi cha Stop the Music, kilichoongozwa na Bert Parks. Wimbo ulipigwa, simu ikaita katika nyumba fulani popote nchini, muziki ukasimamishwa, na mwenye nyumba akaombwa aseme jina la wimbo. Aliyejibu sawasawa alipata zawadi, tena alijaribu kuutambua wimbo mmoja wa fumbo wenye zawadi za thamani ya maelfu ya dola.

Kipindi hicho kiliwekwa saa ileile ya Jumapili jioni ambamo Fred Allen, mmoja wa wachekeshaji wakubwa wa redio, alisikika katika NBC. Wasikilizaji wengi walimhama. Allen alijibu kwa mzaha wenye ukali: aliweka dhamana ya dola 5000 ya kumlipa mtu yeyote ambaye angekosa zawadi ya kipindi kingine kwa kuwa alikuwa akimsikiliza yeye. Mzaha huo haukumwokoa, na kipindi chake kilikoma mwaka 1949. Hata hivyo ulifichua ukweli. Wale waliohama hawakusema kwamba wimbo ni bora kuliko mzaha. Walibaki karibu na redio kwa sababu simu ingeweza kulia. Kipindi kilikuwa kimeanza kuitumikia zawadi.

5. Je, kusikiliza ni malipo?

Mwaka 1949 FCC ilitoa kanuni za kukomesha vipindi vya namna hiyo. Hoja yake ilitegemea maana ya bahati nasibu katika sheria ya Marekani, ambayo ina sehemu tatu: zawadi, bahati, na kitu cha thamani kinachotolewa na mshiriki. Zawadi na bahati zilionekana bila shida. Tume ilidai kwamba sehemu ya tatu pia imo, kwani mshiriki analazimika kusikiliza kipindi ili aweze kushinda, na usikilizaji huo una thamani kwa stesheni na kwa wadhamini.

Mitandao ya ABC, NBC na CBS ilipinga kanuni hizo mahakamani. Tarehe 5 Aprili 1954 Mahakama ya Juu, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Earl Warren, iliamua kwa kauli moja kwamba kukaa nyumbani na kusikiliza redio hakuwezi kuhesabiwa kuwa malipo ya bahati nasibu. Sheria ya adhabu, ilisema Mahakama, haipaswi kunyooshwa kupita maana yake.

Kama tafsiri ya sheria, uamuzi huo ulikuwa na msingi imara, maana ni vigumu kumwita mcheza kamari mtu ambaye hakutoa hata senti. Lakini uliacha nyuma kitendawili. Katika ofisi za matangazo, usikilizaji uleule ulihesabiwa, ukapewa bei na kuuzwa kwa wadhamini. Mbele ya sheria msikilizaji hakutoa kitu, na mbele ya soko alitoa bidhaa yenyewe. Chuki ambayo wasikilizaji huiona bila kuweza kuieleza vema hutoka katika pengo hilo.

6. Kutajwa kupita kiasi

Upande mwingine wa jambo hili ulihusu chanzo cha zawadi. Mara nyingi vyombo vya nyumbani, mavazi na safari zilizotolewa hewani hazikununuliwa na stesheni. Zilitolewa na wenye viwanda ili zitajwe na kusifiwa. Kipindi cha Queen for a Day, kilichoanza redioni mwaka 1945 na kuendelea katika televisheni hadi 1964, kiliwaalika wanawake wasimulie shida zao. Makofi ya watazamaji yalimchagua mshindi, na zawadi alizomiminiwa zilielezwa moja baada ya nyingine pamoja na majina ya watengenezaji. Taabu ya mtu na sifa za bidhaa zilisimama jukwaa moja.

Mwaka 1959 mashindano ya maswali ya televisheni yaliingia aibu kubwa, ilipothibitishwa mbele ya Bunge kwamba baadhi ya washindi walikuwa wamepewa majibu mapema. Wakati uohuo zilichunguzwa hongo walizopewa watangazaji ili wapige sahani fulani za muziki. Sheria ya mwaka 1960 ilifanya udanganyifu katika mashindano hayo kuwa kosa la jinai, ikakiandika upya kifungu cha 317.

Kifungu hicho kipya kina kipimo kinachostahili kukumbukwa. Kitu kilichotolewa bure ili kitumiwe katika kipindi hakihitaji kutangazwa kuwa kimelipiwa, isipokuwa kimetolewa ili jina lake litajwe kupita kiasi kinachohusiana kwa haki na matumizi yake humo. Maana yake ni kwamba jina linaweza kutajwa kwa kadiri ya haja, na linapozidi haja, limekuwa biashara, na biashara sharti ijulikane. Waliotunga sheria hawakuikataza zawadi. Walitafuta mpaka wa neno.

7. Podikasti yarithi swali

Neno la podikasti lilianza kuonekana mwaka 2004, katika makala ya Ben Hammersley kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza. Kwa kuwa podikasti haitumii masafa ya umma na haihitaji leseni ya stesheni, sheria za FCC kuhusu utangazaji haziigusi. Nchini Marekani kazi ya kulinda uwazi iliangukia zaidi Tume ya Biashara, FTC, ambayo miongozo yake ya mwaka 2009, iliyorekebishwa mwaka 2023, inadai kwamba anayesifu bidhaa aseme wazi uhusiano wake na mwenye bidhaa, hata kama alichopewa si fedha bali kitu.

Zawadi za siku hizi zimeongeza jambo ambalo redio ya zamani haikulifahamu sana: mshiriki mwenyewe hufanywa mtangazaji. Mwaka 2014 FTC iliiandikia kampuni ya viatu ya Cole Haan kuhusu shindano lililowataka watu waweke picha za viatu vyake kwenye Pinterest ili waweze kushinda dola 1000 za manunuzi. Tume iliona kwamba nafasi ya kushinda ni ujira wa namna fulani, na kwamba waonao picha zile hawakuambiwa. Kampuni haikuadhibiwa, ila msimamo ulikwisha kuwekwa. Mwaka 2024 ilianza kutumika kanuni inayokataza kutoa malipo kwa sharti kwamba maoni ya mtumiaji yawe ya kusifu.

Podikasti inayogawa kitabu cha mgeni wake na kutaja jina lake mara moja imo ndani ya kipimo cha mwaka 1960. Podikasti inayomdai msikilizaji ajiandikishe, asifu na kuwaita wenzake imemwajiri bila kumwambia, na ujira wake ni bahati ambayo huenda asiipate kamwe. Tena msikilizaji wa podikasti huzoea sauti moja masikioni mwake kwa miezi na miaka, akaihesabu kama sauti ya rafiki. Ndiyo maana badiliko dogo la sauti hiyo humgusa upesi kuliko ambavyo lingemgusa kwenye bango la barabarani.

8. Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba wasikilizaji hawakuwa wepesi wa kuchukia zawadi, wala hawakudai vipindi visivyo na wadhamini. Walivumilia kinywaji cha watoto kwa sababu beji iliwarudishia hadithi. Uchovu uliwaingia pale hadithi ilipopungua na zawadi ikakua, au pale walipogundua kwamba wamefanya kazi ya mtu asiyetajwa. Sheria iliweza kuamuru uwazi. Haikuweza kuamuru kadiri, na jambo hilo limebaki mikononi mwa mwenye kipindi.

Sokoni, muuzaji anayeongeza matabishi huku akikipunguza kipimo hugunduliwa mapema. Mnunuzi hagombi wala hashtaki. Siku inayofuata hupitia meza nyingine.