Amonia motoni: Masizi hupungua, sumu nyingine huzuka

AMONIA, gesi yenye harufu kali inayotumiwa kutengenezea mbolea, haina kaboni hata chembe. Molekuli yake ni atomu moja ya naitrojeni na tatu za haidrojeni. Ikiungua peke yake, haitoi kaboni dayoksaidi wala masizi, na ndiyo sababu wenye meli na mitambo ya umeme wanaimezea mate.

Hata hivyo, moto wake ni mvivu. Mwali wa amonia husambaa kwa takriban sentimita 7 kwa sekunde, ilhali ule wa methani hukaribia sentimita 40. Ili kuuchangamsha, huchanganywa na fueli zenye kaboni. Nchini Ubelgiji, mabasi yaliendeshwa kwa amonia na gesi ya makaa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, dizeli ilipoadimika. Mnamo 2024, kituo cha umeme cha Hekinan nchini Japani kilijaribu kuchoma amonia kwa kiwango cha asilimia 20 pamoja na makaa ya mawe.

Mchanganyiko huo una pande mbili zinazokinzana. Masizi huanza pale vipande vya kaboni vinapoungana kuwa pete za benzeni, ambazo hushikana hadi zikawa chembechembe nyeusi. Amonia ikiwepo, naitrojeni hunyakua sehemu ya kaboni na kuunda sianidi ya haidrojeni, pete hupungua. Lakini naitrojeni hiyo hiyo, ikipata oksijeni ya kutosha, hugeuka kuwa oksidi zinazoleta mvua ya asidi na kudhuru mapafu. Oksidi nyingine ya naitrojeni, N2O, hupasha dunia joto takriban mara 273 zaidi ya kaboni dayoksaidi katika muda wa miaka 100.

Ili kukadiria kitakachotoka kwenye bomba la moshi, wataalamu hutumia kompyuta kufuatilia mamia ya kemikali na jinsi zinavyomenyuka. Hesabu hizo huonyesha kwamba hewa ikiwa haba kidogo, amonia huvunja oksidi na kuzirejesha kuwa naitrojeni ya kawaida. Ikipungua kupita kiasi, masizi hurejea na amonia hutoka bila kuungua. Kwa hivyo tanuri hubuniwa kwa hatua mbili: kwanza hewa haba, kisha hewa tele ya kumalizia.

Kiungo dhaifu cha hesabu hizo ni pale kaboni na naitrojeni zinapokutana. Zikikosewa hapo, moshi mweusi unaoonekana utabadilishwa kwa sumu isiyoonekana.