Malimbikizo ya mafao ya ulemavu (Marekani)

Malimbikizo ya mafao ya ulemavu ni fedha za miezi ya nyuma anazolipwa mtu mwenye ulemavu ombi lake linapokubaliwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani. Uamuzi huchukua miezi mingi, hata miaka pakiwa na rufaa, ndiyo maana deni hukua.

Kuna mipango miwili. SSDI ni ya waliochangia kupitia kodi ya mshahara. Hulipa hadi miezi 12 kabla ya ombi, lakini miezi 5 kamili ya mwanzo wa ulemavu hailipwi: aliyepata ulemavu Januari 10 huanza kuhesabiwa Julai. Wagonjwa wa ALS (ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli) waliokubaliwa tangu Julai 23, 2020 wamesamehewa kipindi hicho cha kusubiri. Fedha kwa kawaida huja kwa mkupuo.

SSI, ya wenye kipato kidogo, hailipi chochote cha kabla ya ombi. Malimbikizo makubwa hugawanywa katika awamu zisizozidi 3, kila moja miezi 6 baada ya nyingine. Ni utaratibu mgumu kwa maskini, ingawa mwenye deni la kodi ya nyumba, chakula au matibabu anaweza kuongezewa awamu ya kwanza au ya pili, na mgonjwa asiyetarajiwa kuishi zaidi ya miezi 12 hulipwa zote pamoja.

Malimbikizo ya SSI yasipotumika ndani ya miezi 9 huhesabiwa kuwa mali, na kikomo cha mali kwa mtu mmoja ni dola 2,000.