Toleo Namba 401

Mwezi Februari 1996 polisi wa Zambia walipewa kazi mbili kwa mkupuo. Ya kwanza walikuwa wameizoea: kukusanya mitaani nakala za gazeti. Ya pili ilikuwa ngeni, na hadi leo hutajwa mara nyingi kuwa ya kwanza ya aina yake barani Afrika: kulifuata gazeti hilohilo kwenye intaneti.

Gazeti lenyewe lilikuwa The Post la Lusaka, toleo namba 401 la Jumatatu, Februari 5. Habari yake kubwa ilisema serikali ya Rais Frederick Chiluba ilikuwa ikipanga kwa siri kuitisha kura ya maoni kuhusu katiba mpya, na wananchi wangepewa muda mfupi mno wa kujiandaa. Chiluba alitumia kifungu cha 53 cha Kanuni ya Adhabu, kilichompa rais uwezo wa kupiga marufuku chapisho lolote kwa kisingizio cha maslahi ya umma. Marufuku ya namna hiyo haimgusi mchapishaji peke yake. Aliyenunua nakala asubuhi kwa hela yake halali, jioni alikuwa mhalifu kwa kuwa nayo ndani.

Ili kuelewa kwa nini katiba ilifichwa kama hirizi, inafaa kuiacha Lusaka na kupanda kaskazini yapata kilomita elfu moja, hadi Nchelenge, mkoani Luapula, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru. Hapa Zambia inaishia majini, na ng'ambo ni Kongo. Mstari unaoigawa Mweru ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Mfalme Leopold ya mwaka 1894, na samaki hawakuarifiwa. Watu nao ni hivyohivyo. Koo za Luapula zina ndugu pande zote mbili. Wachuuzi huvuka kwa mitumbwi na boti kwenda Kilwa na Pweto, ambako Kibemba cha upande huu hukutana na Kiswahili cha Katanga, na wanarudi na bidhaa, habari na mara nyingine wachumba. Mtoto wa Nchelenge ambaye bibi yake alizaliwa ng'ambo si jambo la kushangaza mtu.

Sasa fikiria katiba inayosema kwamba anayetaka urais lazima wazazi wake wote wawili wawe Wazambia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Sharti la wazazi lilitoka katika mapendekezo ya tume ya John Mwanakatwe ya mwaka 1995, na kila mtu alijua linamlenga nani: Kenneth Kaunda, aliyeitawala nchi kuanzia 1964 hadi 1991, na ambaye wazazi wake walitoka Nyasaland, yaani Malawi ya leo. Kura ya maoni iliyovuja gazetini haikufanyika kamwe. Bunge lilipitisha katiba hiyo Mei 1996, Kaunda akazuiwa, na chama chake cha UNIP kikaususia uchaguzi wa Novemba. Kisha mkuki ukamgeukia mwenye mkuki. Wapinzani walikwenda mahakamani wakidai kwamba baba halisi wa Chiluba alikuwa mtu wa Zaire, yaani Kongo ya leo. Mahakama ya Juu ya Zambia, Supreme Court, iliwakatalia mwaka 1998, lakini wazazi wa rais ambaye serikali yake ilileta kigezo hicho nao walikuwa wamekwisha kujadiliwa mbele ya majaji.

Turudi kwenye intaneti.

Zambia ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kusini mwa Sahara kuunganishwa kikamilifu na mtandao huo, mwaka 1994, kupitia kampuni ya Zamnet iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Zambia. The Post nalo lilikuwa kati ya magazeti ya kwanza ya Afrika kuweka kurasa zake humo. Kwa hiyo, wakati askari wakinyang'anya karatasi Lusaka, toleo namba 401 lilikuwa bado linasomeka kwenye kompyuta, iwe Lusaka au London. Lilikaa hivyo siku mbili. Polisi hawakuwa na haja ya fundi. Waliionya tu Zamnet kwamba nayo inaweza kushtakiwa kwa kuhifadhi chapisho lililopigwa marufuku, na Zamnet ikaliondoa. Ukweli ni kwamba wasomaji wa mtandao wakati huo walikuwa wachache sana nchini. Serikali ilikuwa inaziba tundu ambalo hata panya alikuwa hajaligundua.

Wahariri watatu, Fred M'membe, Bright Mwape na Masautso Phiri, walikamatwa na kushtakiwa kwa Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1969, kwa kosa la kupokea nyaraka za siri. Hapo pana neno la kuangaliwa: kupokea. Hakuna aliyesema M'membe alivunja kabati la ofisi ya serikali. Mtu wa ndani alitoa, gazeti likapokea, na sheria ikageuza kupokea kuwa jinai.

Miaka 23 baadaye dunia nzima iliyasikia mabishano ya aina hiyo. Wakenya walikuwa wamekwisha kulijua jina la WikiLeaks, tovuti inayochapisha nyaraka zilizovuja, tangu 2007, pale ripoti ya kampuni ya Kroll kuhusu mali zilizodaiwa kufichwa na watu wa karibu wa rais wao wa zamani, Daniel arap Moi, ilipovuja kupitia kwao. Aprili 2019 mwanzilishi wake, Julian Assange, alipokokotwa nje ya ubalozi wa Ecuador mjini London, Marekani ilifungua hadharani shtaka moja tu, la udukuzi: kwamba mwaka 2010 alikula njama na askari wa Marekani, Chelsea Manning, kuvunja nywila ya kompyuta ya jeshi. Kuanzia hapo kuliwafaa waendesha mashtaka. Mdukuzi hatetewi na wahariri, mchapishaji hutetewa. Mwezi uliofuata yakaongezwa mashtaka 17 ya Sheria ya Ujasusi ya Marekani, na humo mlikuwa na neno lilelile la Lusaka: kupokea. Juni 2024, kwenye kisiwa cha Saipan, Assange alikiri kosa moja chini ya sheria hiyo ya ujasusi, akaenda kwao Australia. Shtaka la udukuzi lililofungua mlango halikuwamo katika kukiri kwake.

The Post halikuhitaji kusubiri hadi 2019 kuitwa jasusi. Machi 1999 liliandika kwamba jeshi la Zambia halikuwa na uwezo wa kuikabili Angola, ambayo wakati huo iliituhumu Zambia kuwasaidia waasi wa UNITA. Waandishi 12 walishtakiwa kwa ujasusi, kosa lenye kifungo cha kuanzia miaka 20. Wenzake M'membe waliachiwa kwanza. Yeye alibaki kizimbani karibu mwaka 2000 wote.

Kilichoitwa siri katika kesi ile ni hali ya ulinzi wa nchi. Huko Mweru hali hiyo haikuwa ndani ya faili. Tangu vita vya Kongo vilipolipuka tena Agosti 1998, wakimbizi walikuwa wakivuka kuingia Luapula, na serikali na mashirika ya misaada wakafungua kambi kama Kala, wilayani Kawambwa. Mwanzoni mwa Desemba 2000 Pweto, mji ulioko pale Mto Luvua unapotoka ziwani, ulianguka mikononi mwa jeshi la Rwanda na waasi waliokuwa pamoja nalo. Maelfu ya askari wa rais wa Kongo, Laurent Kabila, walikimbilia Zambia pamoja na raia, wengine wakiwa na silaha zao, na wavuvi na wachuuzi wa dagaa wadogo waitwao chisense waliyaona hayo mchana kweupe, bila kibali cha mtu.

Desemba 21 mwezi uleule, mahakama mjini Lusaka ilimwona M'membe hana hatia ya ujasusi.